Vichujio Nilivyokuwa Naviosha

Jumapili, alasiri. Tunduma ina manyunyu na baridi ya kuingia mifupani. Nimejitanda kanga mbili.

Hii ni wiki ya tatu tangu tumzike Ezekia, mume wangu. Kazi yake ilikuwa kufukiza dawa ya wadudu kwenye maghala ya mahindi. Gesi ilimmaliza humo ndani, na barakoa yake ikiwa usoni. Msibani kila mtu aliuliza iweje, wakati alikuwa ameivaa.

Leo nimejua.

Yohana, mwenzake wa kazini, alikuja kuniletea vitu vyake. Nikamuuliza. Akanieleza taratibu, kama anaongea na mgonjwa. Ndani ya vile vichujio viwili vya pembeni ya barakoa kuna mkaa. Si huu wa kupikia, ni wa kiwandani, wenye vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Hewa ikipita, gesi inanasa kwenye kuta za vile vitundu. Vikishajaa haishikwi tena, inapita hadi puani. Hapo ni kutupa na kuweka vipya. Yohana alifundishwa haya kwenye mafunzo, siku ambayo Ezekia alikuwa Igamba kwenye mazishi ya mjomba wake.

"Na mtu akiviosha?"

"Ameviua, shemeji. Maji yanauharibu ule mkaa."

Mimi nilikuwa naviosha. Kila Jumamosi, kwa sabuni ya unga, kisha naanika kwenye kamba pamoja na sare za binti yetu. Vilinuka ile dawa, kama kitunguu saumu, na mimi sikutaka mume wangu avae kitu kinachonuka. Nilijisifia usafi huo. Hadi mke wa Yohana nilimfundisha.

Ningeweza kunyamaza. Nilitamani sana kunyamaza. Lakini kesho Yohana anaingia ghalani.

"Shemeji, hata vyako vinaoshwa. Mimi ndiye niliyemwonyesha mkeo."

Hakuuliza kuhusu vya Ezekia. Alipoinuka kuondoka alisema tu, "Mama asijue."

Mama mkwe amejilaza chumba cha pili. Tangu msiba, usiku tunalala kitanda kimoja ili nisiwe peke yangu, na kila asubuhi ananishukuru kwa jinsi nilivyomtunza mwanawe.

Kesho akianza kunishukuru, nitamkatiza nimwambie.