Makofi Manne ya Ubeti wa Tatu

Jumatatu, 4 Machi

Niliwaambia darasa la sita kila mmoja aandike kwenye kikaratasi, bila jina, neno moja la dharau aliloambiwa au alilosikia mwenzake akiambiwa. Watie kwenye boksi la chaki, kisha tutunge wimbo wa kuyajibu. Nilitegemea "kibonge", "chongo", basi. Mama yangu! "Usikae na yule, mama yake hana mguu, utaambukizwa." Hilo limeandikwa na mtoto wa miaka kumi na miwili.

Moja likanichoma zaidi: "Mtoto wa machimbo hata umsugue vipi, vumbi limeshaingia kichwani." Ni kwa wale ambao wazazi wao wanaponda kokoto kule machimboni. Ninao saba. Nikauliza nani mwenye roho mbaya hivyo. Wakainamisha vichwa. Hata yule mchekeshaji wa dawati la nyuma alikuwa anatazama meza.

Jumanne, 5 Machi

Wimbo umekaa. Beti tatu, kila ubeti na neno lake, kiitikio wametunga wenyewe. Mimi nimeongeza kitu, nacho najivunia: baada ya kila ubeti, makofi manne bila kuimba. Hapo aliyewahi kulisema neno hilo anatoka mbele na kuimba, "Nilisema mimi, nalifuta."

Ubeti wa kwanza walitoka watatu. Wa pili mmoja, huku analia, nami nikalia. Wa tatu, huo wa machimbo — pa, pa, pa, pa — hakuna mtu. Nikarudisha. Hakuna. Nikawapasha: mdomo wa kumtukana mwenzio unao, miguu ya kuomba radhi huna? Wakaniangalia tu, wote arobaini na wawili, kama watu wanaomwangalia mgonjwa.

Mwalimu mkuu kaupenda. Anataka wazazi wausikie Ijumaa.

Jumatano, 6 Machi

Bado. Nimewarudishia ubeti wa tatu mara sita. Yule ninayemwita Kimya hata makofi hapigi. Ni binti wa machimbo, anakaa dirishani. Jina hilo nilimpa mimi, maana tangu mwanzoni mwa muhula hajanyoosha mkono. Nikamtania: Kimya, leo hata viganja vimegoma? Hakuna aliyecheka. Ajabu. Darasani kwangu huwa tunacheka sana, kila mtu anaujua mdomo wangu.

Alhamisi, 7 Machi

Sijui niandikeje.

Binti wa kaka yangu anaishi kwangu na yumo darasani humo. Shuleni ananiita mwalimu, nyumbani shangazi. Jioni tunaosha vyombo, nikawa nalalamika: kesho aibu, ubeti wa tatu hauna mwenyewe. Akaiacha sahani ndani ya maji. Akasema taratibu, bila kunitazama: shangazi, si ni wewe?

Nikacheka. Nilicheka!

Akaendelea. Ilikuwa mwanzoni mwa muhula, anasema, narudisha majaribio ya hesabu. Kimya alikuwa amepata mbili kati ya ishirini. Nikainua karatasi yake juu darasa zima liione, nikasema maneno yale. Wakaangua kicheko. Akaongeza: hata mimi nilicheka, shangazi.

Siikumbuki siku hiyo. Nimeitafuta kichwani, haipo. Mzaha ulinitoka, nikafunga daftari, nikaenda zangu kunywa chai. Wao wameutunza neno kwa neno.

Nikamuuliza: kwani yule mtoto si mkimya tangu zamani? Akashangaa. Akasema alikuwa anaongea kuliko wote. Walikuwa wanamwita Redio.

Ijumaa, 8 Machi

Saa nne kasoro dakika kumi. Niko ofisi ya walimu. Ukumbi umejaa. Mama yake Kimya amekuja, viatu vimepigwa rangi, kaomba ruhusa ya nusu siku kwa msimamizi wake. Akanipa mkono, ule wa kuponda mawe. Akasema: asante mwalimu kwa kumvumilia binti yangu, najua ni mzito kuelewa. Mzito! Nimemjibu nini sijui. Nadhani nilisema karibu.

Naweza kuukata ubeti wa tatu, mkuu hatajua. Nimeshaupiga mstari kwa kalamu. Watoto wataelewa. Wataelewa vizuri sana, hapo ndipo naogopa.

Darasani, nyuma ya ukuta huu, wanafanya mazoezi wenyewe. Ubeti wa kwanza. Wa pili, kuna mtu ametoka mbele, namsikia. Wa tatu. Sauti zimeshuka. Makofi: moja, mbili, tatu, nne.

Hawaingii kwenye kiitikio. Wanapiga tena. Nane. Kumi na mbili. Hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Na leo kuna makofi yanatoka upande wa dirisha.

Ishirini. Bado wanapiga.