Kiyoyozi Chenye Sauti Nzuri

Jumatatu, 3 Machi

Joto. Nimeliandika neno hili mara ngapi tangu nihamie huku? Basi, niliache.

Ujumbe wa Mama Tonge umenikuta kazini, ndani ya chumba cha baridi cha nyama, nimevaa koti zito nakwangua barafu kwenye koili, yale mabomba ya kupozea. Vidole vimekufa ganzi. Nikatoka nje ili nisome, miwani ikapiga ukungu papo hapo — sioni kitu! Nikaifuta kwa shati. Habari yenyewe ni hii: shuleni kwao wamempa nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi. Mkuu anataka jibu Ijumaa ya wiki ijayo. Akikubali, wanabaki kule kwenye ubaridi wao, yeye na binti yetu Tonge. Akikataa, anafunga nyumba wanakuja kwangu. Nimwandikie faida na hasara za huku, nisimfiche kitu.

Nisimfiche kitu. Nikarudi ndani kwenye nyama kufikiri.

Hebu niseme hapa, maana hapa hasomi mtu. Mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi, nalipwa kwa kazi hiyo. Na chumbani kwangu kiyoyozi kipo. Cheupe, kizuri, kiko juu ya kitanda. Ukibonyeza rimoti kinawaka taa, kinaandika 18, kinavuma. Ila kile kipande cha nje chenye kompresa hakipo! Mpangaji aliyepita alikifungua akaondoka nacho. Zimebaki nondo mbili ukutani, na ndege wamejenga juu yake. Bila kipande hicho hakuna baridi. Kilichobaki ni feni iliyovaa suti. Mwenye nyumba anasema wiki ijayo. Wiki ijayo hiyo naisikia tangu Oktoba.

Na Oktoba hiyohiyo nikampiga picha huyo mwenye suti nikamtumia Mama Tonge. 18 inasomeka vizuri kabisa. Chini nikaandika: "Huku baridi mpaka najifunika."

Najifunika! Usiku huohuo nililala koridoni juu ya vigae, nimevaa chupi tu.


Jumanne, 4 Machi

Nimemwandikia. Faida: nyumba kubwa, vyumba vitatu kwa kodi ya kile kimoja cha zamani. Kazini natembea kwa miguu. Maji hayakatiki. Shule iko mtaa wa pili. Baridi inayombana Tonge kifua, huku haijui njia. Yote haya ni kweli, naapa.

Hasara: "Joto kidogo mchana."

Kidogo! Nimeandika "kidogo" jasho likidondokea simu, mpaka kioo kikagoma kusikia kidole.

Sikuandika kwamba shati ninaloanika asubuhi jioni bado lina majimaji. Chumvi imegeuka jiwe. Viatu vya harusi yetu vimeota manyoya ya kijani. Nyuma ya kabati la chumba kitakachokuwa cha Tonge ukuta una ukungu wa unyevu, mweusi, umepanda mpaka kifuani kwangu. Nimeuona wiki tatu sasa. Nikalisukuma kabati likauzibe vizuri.

Sababu naijua. Nikisema kweli, hawaji. Miezi mitano nakula nimesimama, nikiwa na sufuria mkononi. Nimeanza kulisalimia jokofu.


Alhamisi, 6 Machi

Jirani, yule mama mshonaji, kanikuta kizingitini najipepea kwa sahani. Akauliza fundi wa baridi anafanya nini na sahani. Nikacheka naye. Nilipoingia ndani sikucheka tena. Mtaa mzima unajua! Mwenye suti anamdanganya mtu mmoja tu duniani, na huyo ni mke wangu.

Jioni Mama Tonge kapiga simu. Kasema orodha yangu nzuri, imezidi kuwa nzuri. Mama yake anakuja Jumapili, atakaa siku chache, aone nyumba kwa macho yake. Nikasema karibu sana. Nilisema kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi.

Mama mkwe!


Ijumaa, 7 Machi

Nimeomba ruhusa nusu siku. Nimesugua ule ukuta kwa maji ya dawa mpaka macho yakawaka. Ukungu umefifia, haujaondoka. Nimefuta viatu. Nimenunua mapazia. Betri mpya za rimoti pia — sijui za nini, labda uongo nao unahitaji betri.

Nina siku moja ya kupumua. Usiku huu nalala vigaeni mara ya mwisho, mlango nauacha wazi upepo uingie.


Jumamosi, 8 Machi

Uso niuweke wapi? Niufukie wapi?

Amefika leo. Kapata nafasi kwenye basi la jana usiku, akaona bora awahi. Saa moja asubuhi. Mlango wazi. Mimi nimelala chali koridoni, kinywa wazi, nimevaa kile kivazi kimoja — na hicho nacho kina tundu.

Nimeamshwa na kikohozi. Kikohozi cha adabu, kile cha mtu mzima aliyeona asichotakiwa kuona. Nikafumbua jicho: mama mkwe, begi mkononi, amenipa mgongo, anautazama ukuta wa barazani kana kwamba umeandikwa habari.

"Nimepiga hodi moja," akauambia ukuta. "Ya pili nitapiga ukishavaa."

Nilikimbia kwa magoti. Suruali nikavaa nyuma mbele, zipu ikawa kwenye makalio. Akapiga hodi ya pili. Nikasema karibu mama, shikamoo. Marahaba mkwe wangu, hujambo? Sijambo mama. Habari za safari? Njema. Habari za huku? Njema! Akanitazama mashavu, shingo, mikono. Akasema nimepungua. Kuhusu sakafu hakusema neno.

Hata alipoketi kwenye kochi sikuweza kumtazama juu ya shingo. Nimemtengea chai. Chai ya moto, kwenye joto lile! Akainywa yote, jasho linamtiririka mpaka kidevuni, akashukuru.


Jumapili, 9 Machi

Jana usiku nimempa chumba changu. Ningefanyaje? Ndicho chenye kiyoyozi, na binti yake alishamwambia. Nikamkabidhi rimoti kwa mikono miwili. Nikamwonyesha: hapa kuwasha, hapa kuzima. Kikawaka. 18. Kikavuma.

Akasimama chini yake. Akainua kiganja, akakiweka palepale hewa inapotokea. Akakaa hivyo muda mrefu. Mimi nilikuwa nasoma kucha zangu.

"Kiyoyozi chako, mkwe," akasema, "kina sauti nzuri."

Basi. Nilitoka kama mwizi anayesindikizwa.


Jumatatu, 10 Machi

Kazini koti limenikaa vizuri leo. Sikutaka kutoka kwenye baridi. Mkubwa wangu kauliza kama nimehamia humo na nyama.


Jumanne, 11 Machi

Miguu ya mama mkwe imevimba. Nimeona viatu vyake mlangoni, amevikata kamba ili viingie. Nikauliza, akasema ni safari tu. Safari imeisha siku tatu zilizopita!

Anafanya kazi kama anayekimbiza joto kwa ufagio. Kapika. Kafua mashati yangu. Kalisogeza kabati — ndiyo, lile. Nimerudi nikalikuta katikati ya chumba na dirisha limefunguliwa lote. Nikalizunguka kabati kwenda kunawa, nikalizunguka tena kurudi.

Jioni binti yake kapiga. Nilikuwa jikoni naosha vyombo, nikafunga bomba. Sikukusudia kusikiliza. Uongo! Nilikusudia.

Kamwambia nyumba kubwa. Shule karibu, ameiona. Maji hayakatiki. Jirani mchangamfu. Joto lipo, akasema, tena joto la kufa mtu, lakini watu wanaishi. Nadhani akaulizwa kuhusu kiyoyozi. Akajibu: "Ndiyo, AC ipo. Chumbani nilikolala."

Nilikuwa nimeshika sahani. Nikaiweka chini polepole isilie. Mama wa miaka sabini, miguu kama mito, kanifichia mimi! Nilitegemea aniumbue. Angeniumbua ningekasirika, ningekuwa na pa kushika. Sasa sina. Naona haya mpaka masikio yanawaka.


Jumatano, 12 Machi

Nimerudi mchana, mapema, nimempelekea barafu ya miguu kutoka kazini. Nikamkuta koridoni. Amelala juu ya vigae, palepale pangu, kitambaa chini ya kichwa, miguu ameiegemeza ukutani. Nikageuka haraka nikakohoa.

"Usikohoe," akasema. "Mimi nimevaa."

Tukacheka. Mara ya kwanza tangu aje. Akakaa, nikamwekea barafu kwenye taulo, nikamfunga miguu. Nilipoinama hivyo, macho yakiwa kwenye vidole vyake, nikapata nguvu ya kusema. Nikamwambia kipande cha nje hakipo. Akajibu kwamba anajua, amezunguka nyumba siku ileile nilipompa rimoti, amewaona ndege.

Nikauliza kwa nini basi hakusema.

Akasema hakuja kuniumbua, alikuja kuona kama nakula. "Kaniuliza kama ipo, nikasema ipo. Kama inapoza hakuuliza. Hilo ni lako, baba."

Nikasema nitamwambia. Akasema Ijumaa ndiyo kesho kutwa. Nikasema najua. Halafu nikamweleza jambo ambalo sijamwambia mtu: nikimweleza Mama Tonge kweli yote atachukua cheo, na ana haki, amefundisha miaka kumi na nne akisubiri, na mimi nitabaki hapa na jokofu. Akasikiliza. Akaomba barafu ihamie mguu wa kushoto.

"Na akija," akasema, "akaweka kiganja pale?"

Nikahamisha barafu.


Alhamisi, 13 Machi

Mwenye nyumba: wiki ijayo. Nimekata simu kabla hajamaliza. Nilikuwa na hasira naye kama dakika moja, kisha nikakumbuka kwamba yeye hakupiga picha.

Nimejikaza kutwa nzima. Njiani nikafanya mazoezi kwa sauti: Mama Tonge, kuna jambo. Mama Tonge, ile picha. Mama Tonge, nisamehe. Mtu mmoja wa baiskeli akaitikia nimesamehe.

Saa kumi na mbili kapiga yeye. Sikupata hata pa kuingilia. Sauti yake ilikuwa na furaha, anaongea haraka. Ameamua! Mama amemwambia huku kunaishika, na kwamba mimi nimepungua. Hilo la kupungua ndilo lililomwamulia. Cheo kitakuja kingine, mume ni mmoja. Kesho asubuhi anaingia kwa mkuu kusema hapana. Ameshaanza kufunga vyombo. Akasema na la Tonge: akizidiwa na joto, basi atalala nasi chumba chenye AC.

Nilifurahi. Lazima niandike hivyo, nilifurahi kwanza. Nililia kidogo, akadhani ni furaha tu. Nikasema "Mama Tonge," akasema ngoja, mvua inaanza, nguo ziko kambani, ongea na binti yako kwanza. Akampa simu akatoka.

"Baba!"

"Tonge wangu."

"Mama amesema una baridi ya ukutani. Iwashe niisikie."

Rimoti ilikuwa kitandani. Nikaichukua. Kubonyeza ni kitu kidogo sana. Kitavuma, sauti nzuri, Tonge atapiga makofi, na kesho Mama Tonge ataingia kwa mkuu akiwa anatabasamu.

Mama mkwe yuko koridoni, mlango uko wazi, miguu iko ukutani. Amefumbua jicho moja.

"Baba, mbona kimya? Imeharibika?"

Nikamwambia amwite mama yake. Akasema anaanua nguo. Nikasema mwite hivyohivyo, mwambie aache nguo. Akaiweka simu, namsikia anakimbia, anaita mamaa, mamaa, baba anakutaka.

Simu yangu iko juu ya mto, haijakatwa. Naandika ili mikono iwe na kazi. Rimoti nimeifungua, betri nimezitoa, ziko hapa juu ya karatasi, zimelowa jasho. Nasikia mvua ya kule. Nasikia kandambili za Mama Tonge zinarudi sebuleni, anauliza kuna nini, anahema.

Mama mkwe ameinuka. Amekaa kitako, ameshika taulo. Sasa amenigeuzia mgongo, anautazama ukuta, kama ile Jumamosi nilipokuwa natafuta suruali.

"Haloo? Baba Tonge?"