Asali Yangu na Kipigo cha Sokoni

Kibondo, Jumamosi, 2014

Mdomo bado unavuja damu, lakini Bukuru naye jicho limeziba, soko analiona nusu. Kajitakia mwenyewe! Anauza asali kama mimi, halafu anapayuka mbele ya wateja wangu: "Huyu mzee anachemsha sukari, anaitangaza kwenye simu!"

Mimi, niliyeua chui kwa shoka la kurinia asali! Nikamshushia rungu. Akanipasua mdomo kwa dumu.

Binti yangu Zawadi hata hakulia. "Baba, tulia hapo hapo!" Akanipiga picha natema damu, ndoo ya asali kifuani.

Tangazo letu la kulipia mtandaoni lilikuwa na chupa safi yenye ua, na halikuuza hata kopo. Zawadi alishasema likiisha hili bila mteja, duka la mtandaoni analifunga. Leo akaitoa chupa, akaweka sura yangu: "Asali hii mwenyewe anaipigania."

Jioni simu ikaita kutoka Mwanza. "Samahani, wewe ndiye yule mzee aliyepigwa?"

Aliyepigwa! Nilitaka kuipasua simu ukutani. Zawadi akafungua daftari la oda.

Nikameza damu. "Ndiyo mwanangu, ni mimi niliyepigwa. Nikutumie ndoo ngapi?"