Popo wa Wifi Yangu Ana Jina Jingine la Zamani

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na kabla hujacheka naomba usome mpaka mwisho, maana najua umezoea barua za waume wanaochelewa kurudi na mawifi wenye midomo mirefu, na mimi pia nakuandikia habari za wifi, ila wangu alishafariki, na kinachonikosesha raha ni popo.

Mimi ni mtunza vielelezo katika jumba la makumbusho, yaani nakaa ghalani na maelfu ya wanyama waliohifadhiwa kwenye chupa za spiriti, naongeza spiriti inapopungua, nabandika lebo zinazobanduka, na mtafiti akitaka kumwona mnyama fulani mimi ndiye ninayemtoa kabatini. Kazi hii nilifundishwa na baba mkwe wangu kabla hajawa mkwe, alikuwa mwalimu wangu chuoni, mtu wa popo tangu ujana wake, na nyumbani kwake ndiko nilikokutana na mume wangu siku nilipopeleka ripoti iliyochelewa.

Baba mkwe alikuwa na binti mmoja, dada mkubwa wa mume wangu, ambaye mimi nilimkuta kwenye picha tu. Alipokuwa na miaka ishirini na mmoja aliingia na baba yake katika pango la mawe ya chokaa, yeye akiwa mbele, akanyanyua taa akasema, "Baba, njoo uone, dari inawaka." Walikuwa popo wadogo wa rangi ya chungwa, kila mmoja uzito wa kijiko cha sukari, mabawa yao yana mishipa kama jani ukilinyanyua juani. Mwaka uliofuata homa ilimchukua binti kwa siku nne tu. Baba mkwe alipomaliza kumchunguza popo yule na kuona hayumo katika kitabu chochote, alimtangaza kuwa ni aina mpya kabisa duniani, akampa jina la binti yake, likiwa limevalishwa mkia wa Kilatini.

Ndugu walinung'unika, wakasema popo jamani, hata ndege hakupatikana? Mama mkwe aliwanyamazisha wote. Ukutani sebuleni kwake kuna picha mbili, ya binti na ya popo, na mgeni akiuliza anajibiwa, "Huyu ni wa mwanangu. Wataalamu wa dunia nzima wanamwita kwa jina lake." Anafuta vioo vya picha hizo kila asubuhi kabla hajanywa chai.

Sasa mshauri, miezi minne iliyopita nilikuwa napanga upya kabati la mwisho kabisa ghalani, lile ambalo mlango wake lazima uupige teke ndipo ufunguke, nikakuta chupa ndogo iliyofungwa kwa nta nyeusi na pembeni yake kijitabu cha kurasa kumi na mbili kilichoanza kuliwa na wadudu. Aliyekiandika ni mwalimu wa shule aliyekuwa akikusanya wanyama wakati wa likizo zake, zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na ndani ya chupa alikuwamo popo, rangi imeshapauka, lakini niliponyanyua bawa lake kwa kibanio na kulielekeza kwenye taa niliiona ile mishipa. Nilimweka chini ya hadubini, nikampima, nikahesabu meno, kisha nikafungua kijitabu na kukuta yule mwalimu amehesabu meno yale yale, amepima mfupa ule ule wa mkono akakosea kwa upana usiofika unywele mmoja, na mahali pa mishipa aliandika kwamba alikaa na taa ya mafuta akashindwa kuendelea na kazi kwa muda kwa sababu ya uzuri wake. Nilikaa sakafuni. Mtu aliyekufa kabla babu yangu hajazaliwa, hakuna anayemkumbuka, hana hata picha, na siku hiyo mimi na yeye tulikuwa tunatazama kitu kimoja na kushangaa mahali pamoja.

Lakini alimpa jina. Alilichapisha katika kijitabu hicho kwa utaratibu unaokubalika, na katika kazi yetu kanuni ni moja kwa dunia nzima, mnyama mmoja ana jina moja, na likitokea la pili, lililotangulia kuchapishwa ndilo linalosimama. Maana yake popo wa wifi yangu si wa wifi yangu. Jina lake litashushwa, litaandikwa chini ya lile la kwanza katika orodha ya majina yasiyotumika.

Na hapa ndipo nilipokosea. Kuna mtafiti wa chuo kingine tunamwita Bwana Koma, kwa sababu aliwahi kurudisha makala ya mtu mara tatu kwa ajili ya koma moja. Anaandaa orodha mpya ya popo wote, na katika daftari moja la kale aliona kijitabu kile kimetajwa, akanipigia simu kuuliza kama chupa tunayo. Nilijibu, "Haipo. Nadhani ilipotea ghala lilipohamishwa." Nilikuwa nimeishika mkononi.

Akasema, "Basi pango la pili limekwenda."

Nikamuuliza pango gani. Akanieleza kwamba yule mwalimu hakumpata popo wake katika pango letu linalojulikana, alimpata katika lingine, mwendo wa siku nzima kutoka hapo, na kuna watu wameomba kibali cha kulipasua wachimbe chokaa, na bila chupa hana ushahidi kwamba popo huyo aliwahi kuishi mule.

Nimeificha chupa kwenye kabati la konokono, ambako hakuna mtu aliyeomba kitu kwa miaka sita. Mume wangu nilimwambia, akasema, "Mama akisikia hatanyanyuka tena. Popo hasemi, na wewe usiseme." Ipo Tume ya kimataifa inayoamua migogoro ya majina, unaweza kuiomba ilizuie jina la zamani ikiwa jipya limeshazoeleka mno na kulibadili kutavuruga kazi za watu, na nimeshaandika maombi kurasa mbili, lakini jina la wifi limetumika katika makala saba tu, tatu za baba mkwe mwenyewe, na kila nikiyasoma maombi yangu naona nimeandika kitaalamu kumbe nalia. Nifanye nini, mshauri? Nikisema ukweli, nitakuwa nimemzika wifi yangu mara ya pili kwa mikono yangu, na nikinyamaza nitaendelea kuzunguka ghala zima kulikwepa kabati la konokono.

Ni mimi,
Mkwe wa Popo

*

Mkwe wa Popo,

Uliniambia nisicheke na nimecheka, pale pa ndugu na ndege, nisamehe. Kisha nikafika kwa yule mwalimu na taa yake ya mafuta, nikavua miwani nikaiweka mezani. Nina miaka kumi na tisa katika safu hii. Nimesuluhisha ugomvi wa mashamba, wa mahari, na wa jirani aliyefuga jogoo asiyejua saa. Sikujua kwamba kuna watu duniani wanaokaa chini na kubishana, kwa adabu na kwa kanuni, ili kiumbe kisichozidi kijiko cha sukari kiitwe jina lake la haki. Umenifanya nijione mdogo, na nimefurahi kuwa mdogo.

Sasa nikugombeze.

Umesema uongo kazini, mwanangu. Kazi yako yote ni kwamba mtu akiuliza "kipo?" wewe ujibu ukweli. Ukidanganya juu ya chupa moja, zile nyingine kwa maelfu nani ataziamini? Na usijifiche nyuma ya huruma. Unasema unamlinda mama mkwe. Mimi naona unajilinda wewe: hutaki kuwa mkwe aliyeingia na habari mbaya nyumbani. Nakuelewa, nami niliwahi kuwa mkwe wa watu. Lakini elewa kwamba popo wenyewe, wale walio hai, wako kwenye pango linalosubiri baruti, na chupa inayoweza kuwaokoa umeifungia na konokono.

Mumeo ni mtu mwema na ushauri wake ni mbovu. Mwambie nimesema mimi.

Hayo maombi ya Tume yachane. Umeandika mwenyewe kwamba Tume inatazama vurugu ya majina, na makala saba si vurugu. Machozi yako ni ya halali, ila wale hawakuajiriwa kuyafuta.

Kesho asubuhi, kabla hujashusha mkoba begani, toa chupa kwa konokono uirudishe mahali pake na uiandike kwenye rejista. Halafu mpigie Bwana Koma. Usimwambie "imepatikana". Mwambie "nilikudanganya". Atakufokea; mwache afoke, asikatishwe.

Baba mkwe usimpelekee habari, mpelekee hadubini. Mlete ghalani, mkalishe, mwekee popo wa mwalimu mbele yake, kisha funga mdomo. Huyo mzee aliutoa ujana wake kwa wanyama hawa na wewe unataka kumficha mmoja kama mtoto anayefichwa peremende! Mwachie aone kwa macho yake. Ya mama mkwe muulize yeye, ndiye anayemjua mkewe. Lakini siku ya kumwambia uwepo, ukae karibu, na akikununia ununiwe. Usikimbilie kwa mama yako.

Fanya hivyo, kisha niandikie.

Mshauri wako

*

Mpendwa mshauri,

Nimefanya.

Bwana Koma alifoka kwa dakika kumi na moja, nilizihesabu kwenye saa ya ukutani, na sehemu kubwa nilistahili. Alipomaliza aliuliza, "Lebo inasomeka?" Nikasema inasomeka. Akakata simu, na saa tatu baadaye alikuwa mlangoni mwa ghala, bado ana hasira, amekuja na hadubini yake mwenyewe.

Baba mkwe nilimleta siku iliyofuata. Nilifunga mdomo kama ulivyoniamuru. Alikaa, akainama, na kwa muda mrefu sikuona kitu isipokuwa mgongo wa koti lake. Kisha akaanza kuhesabu meno kwa kunong'ona, akasimama katikati, akarudia. "Mwanangu," akasema bila kuinua kichwa, "huyu bwana alikuwa na jicho. Kuna jino dogo huku nyuma mimi sikuliona. Miaka yote nimelipita." Alicheka, mshauri. Alicheka kama mtu aliyekutana na rafiki wa shule. Alisoma kijitabu chote akiwa amesimama, na alipofika penye taa ya mafuta alikaa tena.

Baadaye sana ndipo aliuliza, "Mama yenu anajua?"

Tulikwenda wote wawili. Mama mkwe alisikiliza, hakulia. Aliuliza tu, "Huyo mwalimu alikuwa na watoto?" Hakuna aliyejua. Akaingia chumbani. Siku tisa hakunisalimia, nikaenda kila siku, nikaosha vyombo, nikarudi. Siku ya kumi aliniambia chai imepoa, niipashe.

Ombi la kibali cha machimbo limesimamishwa, lakini wakubwa wanataka kujua kama popo bado wamo mule, kwa sababu chupa ya miaka mia haiwezi kuthibitisha ya leo. Basi Jumamosi asubuhi tulifungasha kamba na taa, mimi, baba mkwe na Bwana Koma, na tulipowasha gari mama mkwe alitoka amevaa raba za mume wangu zilizomzidi. Alifungua mlango akaketi.

Mlango wa pango lile ni mwembamba, unaingia kiubavu, kisha panafunguka ghafla pakubwa kuliko uwanja. Bwana Koma alinyanyua taa taratibu. Sina maneno, mshauri, na mimi ni mtu wa kuandika lebo. Ukuta wote juu yetu ulikuwa na rangi ya chungwa, unapumua. Kila alipopitisha mwanga mabawa yalifunguka na kujifunga, na mishipa ile ikaonekana, maelfu kwa maelfu, hai, hakuna hata mmoja mwenye lebo. Bwana Koma, ambaye sijawahi kumwona akikosa la kusahihisha, alivua kofia.

Utaratibu ni kuhesabu kipande kimoja cha ukuta kwa sauti, mtu mmoja ahesabu na mwingine aandike. Baba mkwe ndiye aliyehesabu, mimi nikaandika. Alifika mia mbili na kumi, sauti ikakatika. Alijaribu tena, akakwama pale pale, akafunika macho kwa mkono.

Nilishusha kalamu. Bwana Koma akatazama chini.

Mama mkwe alimsogeza mumewe kando kwa kiwiko, akainua uso kule juu, akanyoosha kidole.

"Mia mbili na kumi na moja," akasema. "Andika, mwanangu. Mia mbili na kumi na mbili."