Tandiko la Kisirani

Jumanne, 3 Septemba

Limekwisha! Tandiko langu limekwisha. Alhamdulillahi. Vidole vinanuka nta hata baada ya kuoga, na sijali.

Miaka yote nimekuwa fundi wa viraka – kurudishia mishono ya hatamu, kubadili mikanda ya tumbo, kuziba matandiko ya watu. Hili ni la kwangu, toka kiunzi cha mbao mpaka mshono wa mwisho. Sufu nimeishindilia kwa mkono. Ngozi nimeshona kwa sindano mbili, moja ikienda, nyingine ikirudi. Nimeliweka juu ya kiti sebuleni. Mume wangu kaingia, kalitazama, kasema basi leo mgeni anakaa na mwenye nyumba anasimama.

Ni la Kisirani, yule farasi jike aliyeletwa wakati wa mvua, mbavu nje, anamtupa kila anayempanda. Wifi yangu ndiye mfunza farasi pale bandani, watu wanapojifunza kupanda. Akasema mwachieni mimi. Kamzungusha kwa kamba ndefu asubuhi na jioni, kasoma vitabu, kaangalia video za wafunzaji mpaka simu inamdondokea usoni. Jumamosi ya wiki ijayo Kisirani atambeba mwanafunzi wa kwanza, muuguzi mmoja wa zahanati. Akitulia, anabaki kufundishia watu wa kawaida wanaokuja kwetu. Akileta ukorofi, mwenye banda anamuuza. Kashasema.

Siku ileile alipoletwa nilimpima. Nikakunja waya juu ya mgongo wake, nikauchora kwenye kadibodi, nikakata. Kila kitu nimekifuatisha kadibodi ile. Sijakosea hata unywele!

Alhamisi, 5 Septemba

Siku mbaya.

Bandani walinipokea kama bibi harusi. Mwenye banda kapiga picha tandiko kila upande, kasema Jumamosi ya wiki ijayo wageni watakuja kuliona. Nikavimba kichwa, Mungu anisamehe.

Tukamtandika Kisirani. Kukaza tu mkanda – masikio yakalala nyuma. Wifi alipopanda, mnyama akakataa kwenda mbele. Akarudi kinyumenyume. Akapiga ndoo teke ikaruka ukutani.

Nikamwambia wifi, mbele za watu, leo una mkono mzito, mlegezee hatamu.

Akashuka taratibu. Akasema, "Wifi, huyu jana nilimpanda na tandiko bovu kuliko yote humu, katembea kama maji. Leo nina mkono mzito?"

Nikasema labda farasi naye anaona gere, wivu wa kitu kipya.

Hakucheka. Akavua tandiko, akanikabidhi mikononi kama anayerudisha mtoto aliyemlilia.

Ijumaa, 6 Septemba

Hatusemezani. Nimemwomba mume wangu aongee na dada yake. Kasema mke wangu, dada yangu, farasi – mimi simo.

Baada ya swala nilikaa kwenye mkeka muda mrefu. Mume wangu akachungulia. "Unamwombea farasi atubu?"

Nilikuwa namwombea farasi atubu. Ndivyo nilivyo.

Jumatatu, 9 Septemba

Leo wifi alikuja karakana. Salamu kavu. Akasema beba tandiko lako, twende.

Akamtandika Kisirani, akamtembeza kwa kamba tu, bila mtu juu, mpaka akatoka jasho. Kisha akavua. Akaniita, "Njoo uone. Mimi sisemi kitu."

Mgongo wote umelowa, unang'aa. Lakini nyuma ya mabega, huku na huku, mabaka mawili makavu kabisa, kila moja kama kiganja. Mfunza au fundi hahitaji kuelezwa. Pale tandiko linabana mpaka jasho halipati pa kutokea.

Nikakimbia kuchukua kadibodi. Nikaiweka palepale mabegani nilipopimia. Haikushuka! Ikakaa juu juu, inayumba kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba yake.

Nikasema, "Amenenepa!"

"Hajanenepa," wifi akasema. "Shika."

Nikashika. Pale palipokuwa na shimo, siku ile ya mvua, pamejaa. Pagumu, pazuri. Msuli mtupu. Ni zile asubuhi na jioni za kamba, ni kule kumfundisha kuinua mgongo na kujibeba mwenyewe. Kadiri wifi alivyomjenga, ndivyo nilivyokuwa nikimshonea farasi ambaye hayupo tena. Na mimi nimewahi kuwaambia wateja mara ngapi – farasi akiwa mafunzoni, pima tena!

Nikaanza kucheka, machozi yananitoka. Nikamwambia wifi yangu, nisamehe, lakini umeniharibia tandiko kwa kazi nzuri. Akasema, "Na bado una mdomo!" Tukakumbatiana, Kisirani anatutafuna mikono ya nguo.

Jumatano, 11 Septemba

Sufu naweza kuipunguza. Kiunzi ni mbao, hakipanuki. Tandiko zuri, ila si lake. Nitamshonea jingine, si la wiki hii.

Nimemweleza mwenye banda. Hakufurahi. Wageni wameshaona picha. Akasema mama, ni mizunguko michache tu, mnyama atavumilia, na watu wakiliona utapata kazi mpaka uzikimbie.

Nataka niandike ukweli hapa. Nilitamani. Nililiona tandiko langu katikati ya uwanja, jua likiligonga, watu wakiuliza nani kashona.

Nikasema, "Halipandi mgongoni kwake."

"Akileta ukorofi na lile tandiko bovu je?"

"Basi utakuwa ukorofi wake mwenyewe, si maumivu ya tandiko langu."

Wifi alikuwa anafagia. Hakugeuka. Ila ufagio ulisimama.

Jumamosi, 14 Septemba

Nimekaa juu ya ndoo nje ya uwanja, naandikia juu ya goti. Nisipoandika nitapiga kelele.

Kisirani kavaa tandiko la zamani, lile bovu, pana, viraka vyangu vya rangi tatu. Mgeni mmoja kauliza hilo zulia la nani. Nikasema la kwangu! Kifua mbele.

Nilishika kikuku, pale pa kukanyagia, cha upande wa pili ili tandiko lisipinde wakati muuguzi anapanda. Anatetemeka, maskini, anayechoma watu sindano kila siku. Kisirani akageuza sikio moja. Akangoja. Masikio hayakulala.

Wametembea uwanja wote kwa kamba. Kichwa chini, mgongo umeinuka, kila hatua imepangwa. Huyu aliyekuwa anatupa watu! Natazama mgongo ule nataka kumwambia kila mtu: kazi ya wifi yangu hiyo. Tandiko jipya liko nyumbani kitini na sijutii, wallahi.

Sasa mwenye banda amesema, mfungue kamba. Mwache muuguzi aende peke yake.

Wifi amefungua. Anarudi nyuma, hatua kwa hatua, mikono kaiweka mgongoni. Midomo inamcheza – anaomba, au anahesabu. Nami naomba.

Muuguzi amebaki katikati na Kisirani. Ameangalia huku na huku. Analegeza hatamu, kidogo, kama alivyofundishwa – na mnyama anashusha pumzi, tumeisikia mpaka huku, na mguu wa mbele unainuka, unakwenda mbele –