Lami Imebanduka, Wanakutaja Wewe

Mzee Mkude, shikamoo.

Tangu uondoke, Morogoro nzima hakuna anayeijua lami kama mimi. Mainjinia wenye vyeti vyao wakiniona wanasimama wima. Najua ungecheka hadi kofia ikudondoke: "We Saidi, darasa la tano lilikushinda, leo umekuwa profesa?" Cheka tu. Mimi leo nina hasira.

Ile barabara ya Kihonda, uliyoiziba nyufa kwa mikono yako, tumeirudia. Wametuletea msimamizi mpya, kijana wa buti zinazong'aa, anaitazama simu kuliko barabara. Kazi yenyewe unaijua: fagia, mwaga lami nyembamba, tandaza kokoto ndogo, shindilia. Ni kuivisha barabara koti tu, maji yasipenye. Yeye akataka koti la kilomita nzima liishe siku moja, eti wakubwa wanakuja kukagua. Siku moja, mzee! Hata fundi cherehani angegoma.

Wiki mbili hazikuisha. Lami inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kokoto zinaruka, moja imepasua kioo cha bajaji, nyingine imemchubua mguu mama muuza vitumbua. Na unajua madereva wa bajaji wanasemaje? "Si vijana wa Mkude hao? Ndivyo alivyowafundisha."

Alivyotufundisha! Wewe uliyetusimamisha kazi kutwa nzima kule Turiani kwa sababu ya matope ya trekta moja la miwa, ukisema lami haishiki penye uchafu! Wewe uliyelala kaburini Mafiga, huwezi hata kujibu! Nilitaka kumrukia mtu. Nimemtukana msimamizi, nimewatukana wenye malori, nimeitukana hadi mvua.

Pumzika, mzee wangu. Jumatatu nitasimama mbele ya madereva wale wale nilisafishe jina lako. Wanizomee wakitaka, naahidi sitaondoka kabla sijamaliza.

Maana kuna jambo sijamwambia mtu. Asubuhi ile, kabla hatujamwaga, msimamizi aliniuliza mbele ya wote, "Fundi, pako safi?" Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuitwa fundi. Nikainama, nikapitisha kiganja juu ya lami ya zamani, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Kikatoka na vumbi jekundu.

Nikajifuta kwenye suruali, nikasema, "Safi, bosi."