Kesi ya Mujane wa Kanyosha

Bujumbura

Mama yangu mupenzi,

Uko muzima? Goti limepoa? Na barabara ya Rumonge, wanapita sasa, ao bado risasi? Mi niko muzima kabisa, na furaha inanizuia kula. Ngoja nikuandikie kwanza.

Mama wee, nimekata kesi! Mi mwenyewe nilikaa katikati, majuji wawili wazee pembeni, hapa tribinali ya Kanyosha! Unakumbuka wadogo wa Baba walipokushitaki, juji akawapa shamba letu la michikichi bila kukuuliza hata neno moja? Nilikuwa mutoto, nimeshika kitenge chako, nikasema nitakuwa juji. Ukauza mawese mpaka nikamaliza masomo.

Basi, kesi yenyewe: mujane, bwana yake aliuawa mu hii vita. Shemeji yake anataka nyumba. "Alikimbia na watoto, akaacha mji, nyumba na kiwanja chake," anasema. "Siyo wa kwetu tena." Wenzangu wakaanza kumuitikia kwa kichwa. Yoo! Huyu mama angelala wapi na watoto?

Nikamuuliza yule bwana pole pole: "Kilio cha mukubwa wako, bwana ya huyu mama, mulikimaliza?"

"Eh, juji! Mi ndiye nililipa! Jirani wote walikunywa bia ya ndizi mpaka wakachoka!"

"Mujane alikuwa amekwisha kurudi?"

"Alikuwa amerudi."

"Na murija wa kwanza wa kunywa ile bia ulimupa nani?"

"Si ni yeye mwenyewe! Kwa mukono wangu, pale pale mulangoni mwa nyumba."

Watu wakaguna. Hapo ndipo alielewa, maskini, kwa kuchelewa. We unajua kwetu: ukimupa mujane ule murija siku ya kuganduka, ya kumaliza kilio, jirani wanaona, umesema mbele yao kwamba mji ni wake. Wenzangu wakanitazama, mumoja akacheka kabisa. Tukaamua mujane atabaki mu nyumba yake, yeye na watoto wake.

Shamba lako siwezi kulirudisha, Mama. Mutoto hawezi kukata kesi ya mama yake, na hiyo inaniuma.

Nisalimie mudogo wangu, na mama mukubwa, na muchungaji aliyeniombea wakati wa mitihani. Mwambie alikuwa anaomba vizuri!

Nilisahau kukuambia namna kesi ilianza. Shemeji alisimama kwanza, kama wanaume wanavyozoea. Nikamwambia akae. Nikamugeukia mujane: "Mama, anza we kusema."

Nilikuwa naangalia yeye, lakini ni we nilikuwa naambia.

Mutoto wako anayekupenda,
juji wa Kanyosha